Anti, hii tiba ya kwenye simu itanifaa kweli?

Mwezi huu nimeamua barua zote ziwe za jambo moja, maana mmeniandikia sana kuhusu hii tiba ya mazungumzo ya onlaini, yani unakaa na simu yako mnaongea na kaunsela au mwanasaikolojia ambaye yuko mji mwingine kabisa. Barua ni nyingi na zinafanana, kwaiyo kama yako haipo hapa soma ya mwenzio, nimejitahidi kukujibu humo humo.

Shikamoo Anti. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kahama, nina miaka 34, nina mume na watoto wawili. Mama yangu alifariki mwaka jana mwezi wa pili na tangu hapo sijawa sawa. Usiku naamka saa tisa nakaa macho mpaka adhana, darasani nafundisha vizuri tu ila nikirudi nyumbani sitaki hata mtu aniguse, watoto nawakaripia kwa vitu vidogo alafu najifungia chooni nalia. Mwenzangu wa shule ya jirani ananiambia kuna mwanasaikolojia yuko Dar anahudumia watu kwa video, yeye alimsaidia. Natamani ila naogopa. Tunaishi nyumba ya kupanga, vyumba viwili, ukuta haujafika juu, jirani akikohoa namsikia. Na sijui kama kuongea na mtu kwenye skrini kunaweza kuniondolea huzuni ya mama. Hela yenyewe ni ya kujibana. Niambie ukweli Anti, itanifaa au nitachoma bando bure?
*Mwalimu, Kahama*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba wa mama.

Nianze na hicho ulichokipitia juu juu katikati ya barua, kwamba ukuta haujafika juu. Watu wakitaka kujua kama tiba ya onlaini itawafaa wananiuliza habari za neti, habari za video, mtaalamu ana shahada gani, mimi naanza na swali moja: una sehemu ambayo unaweza kusema lile jambo zito kuliko yote lililoko moyoni mwako, kwa sauti yako ya kawaida, na asisikie mtu? Kama huna, hata mtaalamu awe bingwa namna gani utalipa saa nzima uishie kumwambia "niko sawa tu" huku jicho liko mlangoni. Ukienda kliniki ile faragha unaikuta imeshaandaliwa, kuna chumba, kuna mlango unaofungwa, kuna mtu wa mapokezi anayezuia watu wasiingie. Ukifanya kwa simu kazi hiyo yote inahamia kwako, na wengi hawaambiwi mapema.

Kwaiyo wewe wala usifanyie nyumbani. Una kitu ambacho wengi hawana, una shule. Saa kumi na moja jioni wanafunzi wameshaondoka, omba ufunguo wa darasa la mwisho kabisa au stoo ya vitabu, kaa uso ukiwa umeelekea mlangoni ili umuone anayekuja, vaa hedifoni zenye maiki maana hapo angalau maneno ya yule wa upande wa pili hayasikiki hata mtu akipita dirishani. Alafu mkubaliane neno. Wengi waliopitia hii wananiambia hili ndo liliwatuliza kuliko yote, mtu akitokea ghafla wewe unasema "haya mama mdogo, habari ya mahindi tutaongea baadaye", naye anajua hapo akate na asipige tena mpaka umtumie meseji. Mtaalamu anayejua kazi yake hatashangaa, pengine atalileta yeye mwenyewe kabla hujaliwaza. Chini ya mti uwanjani sikushauri, upepo unakula sauti, na watu wetu wakikuona umekaa peke yako machozi yanakutoka watakuja kukuuliza kulikoni, hawawezi kupita tu.

Sasa hiyo skrini. Utafiti wa jambo hili una zaidi ya miaka 20 na mwingi umetoka Sweden, ambako profesa Gerhard Andersson wa Chuo Kikuu cha Linköping na wenzake wamekuwa wakilinganisha watu wanaotibiwa kwa intaneti na wanaotibiwa ana kwa ana, na kwa sonona (ile huzuni ya ugonjwa wanayoiita depression) isiyo kali sana na kwa shida za wasiwasi matokeo yanakaribiana mno, mradi tu kuna mtu halisi anayekufuatilia. Kwaiyo si tiba ya daraja la pili, hilo ondoa kichwani. Lakini Sweden mtu ana chumba chake na neti haimkatikii katikati ya kilio, na hapo ndo penye maumivu kwetu, umeanza kusimulia mama alivyokata roho, sauti inagandaganda, unaambiwa "hebu rudia", na kitu kama hicho hakirudiwi. Ndo maana kwa wewe nasema achana na video, ongeeni kwa sauti, tena ikiwezekana kwa simu ya kawaida ya kupiga. Bando linaliwa kidogo sana au haliliwi kabisa, na wapo wanaosema wanalia vizuri zaidi kama hawaangaliwi usoni.

Kuhusu huzuni ya mama. Kwetu ikipita arobaini watu wanarudi makwao na wanategemea na wewe umemaliza, na wewe mwenyewe unaanza kujiona kama una kasoro kwa kutomaliza. Huna kasoro. Ila mwanangu, kulia ukimkumbuka mama ni kitu kimoja, na kuamka saa tisa kila usiku usirudi kulala, kutotaka kuguswa, hasira kwa watoto, hivyo ni vitu vingine. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022 limeitambua huzuni ya msiba iliyogoma kupungua, na kipimo chake ni kwamba imezidi miezi 6, imezidi pia kile ambacho mila na dini ya mtu inategemea, na inamvuruga maisha ya kila siku. Wewe miezi hiyo umeshaipita. Na huko kuamka alfajiri bila kurudi usingizini ni mojawapo ya dalili za sonona ambazo daktari yeyote angekuuliza. Sisemi unaumwa, siwezi kumpima mtu kwa barua, nasema una sababu ya kutosha ya kutafuta msaada na usisubiri mpaka uanguke ndo uonekane unastahili.

Kuna dodoso la maswali 9 linaitwa PHQ-9, lipo kwa Kiswahili na limetumika Tanzania na Kenya. Linakuuliza hali yako ya wiki mbili zilizopita, kila swali unajipa kuanzia 0 mpaka 3, jumla ya juu kabisa ni 27, na ukifika 10 au zaidi inabidi umuone mtaalamu. Jaza kabla ya kumpigia huyo wa Dar na umpe majibu, atakuwa na pa kuanzia na baada ya wiki kadhaa mtajaza tena mlinganishe. Lakini swali la 9 nataka ulisome kwa makini sana, ndo lile linalouliza kama umekuwa ukiwaza bora ungekufa au kujidhuru. Kama jibu lako ni chochote zaidi ya hapana, habari ya onlaini iweke pembeni kwanza, mwambie mume wako leo leo na muende hospitali ya hapo Kahama wawaelekeze, kama ni rufaa Shinyanga au Bugando Mwanza waamue wao. Mtu aliyeko Dar hawezi kukushika mkono usiku wa manane, na haitakiwi abebeshwe peke yake mtu aliyeko hatarini ambaye hawezi hata kumfikia.

Na kabla ya kulipa senti yoyote nenda ukapime damu. Upungufu wa damu na tezi ya thairoidi iliyolegea vinaleta uchovu na huzuni na kukasirika hovyo, vinafanana na sonona mpaka mtu anadanganyika, na hivyo havitibiwi kwa mazungumzo hata muongee mwaka mzima. Mwanasaikolojia asiye daktari pia hawezi kukuandikia dawa, kwaiyo kama itahitajika dawa bado utahitaji hospitali karibu yako.

Huyo mtaalamu mpigie kwanza dakika chache, wengi hawatozi kwa hiyo simu ya kufahamiana. Muulize amesomea wapi na nini hasa, maana siku hizi mtu akisoma semina ya wikiendi anajiita mshauri, wakati kuna waliosomea saikolojia tiba mpaka ngazi ya uzamili pale Muhimbili. Kama anakwambia ni daktari wa akili basi lazima awe amesajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika na hatakasirika ukimuuliza namba yake. Muulize ameshawahi kuhudumia watu wenye msiba, muulize anaandika wapi anachokisikia kwako na nani mwingine anakiona, muulize neti ikikata dakika zile zinahesabiwaje. Na wewe msikilize yeye anakuuliza nini. Mtaalamu wa kweli kabla hata hamjaanza atakuuliza uko wapi sasa hivi, uko na nani, na akipata wasiwasi juu yako ampigie ndugu yako gani. Asipouliza hayo tafuta mwingine, sina ushauri laini kwa hilo.

Hela mwambie ukweli mwanzoni, wapo wenye bei ya kupunguza ambayo hawaitangazi, na kwa hali yako kuongea kila baada ya wiki mbili badala ya kila wiki bado kunasaidia kama katikati unafanya kazi anayokupa. Na mume mshirikishe. Siyo yale utakayoyasema humo ndani, hayo ni yako, mwambie tu kwamba siku fulani jioni utachelewa kurudi na sababu ni hii, maana mke anayejifungia stoo anaongea na mtu wa Dar kwa hedifoni bila mume kujua ni moshi mwingine unaoingiza nyumbani.

Sasa Anti. Niko na miaka 23, nimemaliza chuo mwaka jana niko tu nyumbani Nakuru, kazi bado. Shida yangu ni watu. Nikiingia kwa intavyu moyo unaenda mbio, natokwa na jasho, naskia ni kama wote wananicheka. Hata mamangu akipiga simu huwa naiacha iite alafu namtext. Nimekuwa nikichati usiku na hizi roboti za AI na kusema ukweli zinanielewa kuliko watu, hazichoki na ni bure. Sasa mbona nilipe mtu? Na kama lazima iwe mtu, inaweza kuwa ni kuchati tu bila video?
*Kijana wa Nakuru*

Kijana wangu, nikianza na la mwisho, ndiyo, inaweza kuwa kuchati. Kwa hofu ya watu kama hiyo yako kuandikiana ni mlango mzuri sana wa kuingilia, na hizo tiba za intaneti zilizofanyiwa utafiti Sweden nyingi zake ni za namna hiyo, mtu anasoma somo la wiki, anafanya mazoezi, anamwandikia mtaalamu, mtaalamu anamjibu. Hofu ya watu ni moja ya shida zilizojibu vizuri kabisa kwa njia hii.

Ila ujue tangu mwanzo kwamba ni mlango wa kuingilia, usiweke kitanda hapo. Hofu hii inakua kila unapoikwepa, kila simu ya mama unayoiacha iite inakufanya ya kesho iwe nzito zaidi, kwaiyo tiba inayokuruhusu kujificha milele nyuma ya maandishi inalisha kile kile kinachokula. Mwambie kaunsela mapema, "nataka tuanze kwa kuchati, mwezi ujao tuongee kwa sauti, baadaye video, na mwisho nipigie mamangu". Akiwa mzuri atakupangia ngazi ndogo ndogo, leo unamuuliza mwenye duka bei ya kitu ambacho hununui, kesho unapiga simu ya dakika moja, na kila mara unaandika ulichoogopa kingetokea na kilichotokea kweli. Hiyo karatasi yenye safu mbili inafanya kazi kuliko maneno mengi ya kutia moyo.

Roboti sasa. Sikulaumu, usiku wa manane ukiwa na mawazo na kitu kinakujibu papo hapo kwa upole lazima kivutie, na kwa kupanga mawazo yako kabla ya kuonana na mtu sioni ubaya. Ila hiyo inayokuelewa kuliko watu, angalia vizuri, inakukubalia. Imetengenezwa ikupendeze uendelee kuandika. Mtu akisema "wote wananicheka" kaunsela atamuuliza "nani alicheka, ulimuona?" na hapo ndo tiba ilipo. Na siku ukinyamaza ghafla baada ya kuandika jambo la kutisha, roboti haimpigii mamako. Kule Marekani jimbo la Illinois mwaka 2025 lilipitisha sheria ya kuzuia AI isitumike kutoa tiba ya akili yenyewe kama mtaalamu, hawakufanya hivyo kwa kuchukia teknolojia.

Alafu kuna siri yako. Unayoandika usiku yanakaa mahali. Finland kulikuwa na kampuni ya tiba ya mazungumzo inaitwa Vastaamo, mdukuzi aliiba kumbukumbu za maelfu kwa maelfu ya wagonjwa, na mwaka 2020 akaanza kuwatumia wagonjwa wenyewe barua pepe kwamba walipe la sivyo atamwaga hadharani waliyomwambia mtaalamu wao. Mwaka 2024 mahakama ilimfunga miaka 6 na miezi 3, lakini maneno yalishatoka. Na si wadukuzi tu, mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani iliibana BetterHelp, moja ya kampuni kubwa kabisa za tiba ya onlaini, ikalipa dola milioni 7.8 kwa madai ya kupeleka taarifa za wateja kwa Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo. Kenya mna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinatumiwaje na kuomba zifutwe, itumie. Usijisajili kwa imeili yako ya kazi wala kwa kubonyeza "ingia na Facebook", na simu yako iwe na namba ya siri ambayo ndugu zako hawaijui.

Mna pia sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwaiyo una haki kabisa ya kumuuliza mtu amesajiliwa na nani. Na ikitokea siku mawazo yamekuwa mabaya mpaka unawaza kujiua, usiandikie roboti, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Usiogope kwamba utashtakiwa, Mahakama Kuu ya Kenya Januari 2025 ilishasema kile kifungu cha kumfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua kinapingana na katiba.

Anti asalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Tanga nafanya kazi za ndani hapa Dubai mwaka wa pili sasa. Kichwa kimejaa, nalia usiku, nakumbuka mwanangu nimemuacha na bibi yake. Nataka kuongea na kaunsela wa nyumbani anayejua Kiswahili lakini simu za WhatsApp huku hazitoki, na madamu hapendi nishike simu mchana, siku nyingine ananichukulia. Mshahara nao miezi miwili sijauona. Nifanyeje?
*Mama Abuu*

Waaleikum salaam Mama Abuu, mdogo wangu.

Barua yako ina mambo mawili na naomba tusiyachanganye. Kuna uchungu wa kumwacha mtoto, huo kaunsela wa Kiswahili atakusaidia sana kwa simu na hakuna sababu ya kumtafuta wa huko huko ambaye utamtafsiria kilio chako. Kuna mshahara usiolipwa na kunyang'anywa simu, hayo si ugonjwa wako na hayaponi kwa mazungumzo. Kaunsela yeyote atakayekufundisha kupumua polepole bila kukuuliza habari ya mshahara anakupotezea muda. Sheria ya wafanyakazi wa ndani ya huko ya mwaka 2022 inakupa siku 1 ya mapumziko kwa wiki yenye malipo, masaa 12 ya kupumzika kwa siku na 8 kati ya hayo yawe mfululizo, na pasipoti yako ukae nayo mwenyewe. Tanzania ina ubalozi Abu Dhabi na ofisi ya konsuli hapo hapo Dubai. Anza na hao, na ndugu nyumbani awe na jina kamili la mwajiri wako na mtaa.

Kuhusu kuongea, ni kweli kule simu za WhatsApp zimezuiwa ila meseji na sauti za kurekodi zinapita. Zoom inafanya kazi, na BOTIM, programu nyingine ya kupiga simu kwa mtandao, imeruhusiwa. VPN, ile programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, usiguse, sheria zao za mtandao ni kali na wewe ndiye utakayeumia. Mpangilie kaunsela siku yako ya mapumziko, ukiwa nje ya ile nyumba kabisa, kumbuka huko mko mbele saa moja, saa nne yako ya asubuhi ni saa tatu ya Tanga. Katikati ya wiki mtumie sauti fupi naye akujibu akipata nafasi, kisha ufute kwenye simu kila siku kabla hujalala, kwa sababu simu inayoweza kuchukuliwa na mtu mwingine muda wowote si mahali pa kuhifadhi uliyoyasema. Kama madamu atakupiga au akakufungia ndani, hapo ni polisi 999.

Anti, mke wangu anataka tufanye kaunseling ya ndoa kwa njia ya video na mama mmoja yuko Arusha. Tunagombana sana hasa hela. Mimi naona mambo ya ndoa yana wazee, na mtu nisiyemjua kwenye laptopu atajua nini? Nikubali tu ili amani iwepo?
*Baba wa wawili, Morogoro*

Kaka, wazee wana nafasi yao na siwaondoi, ila wazee wa ndoa yenu ni wa kwake au ni wako, na kila mmoja akitoka kwenye kile kikao anahesabu nani alitetewa. Mtu asiyewajua anaanza akiwa hadai upande wowote, hiyo ndo faida yake. Kubali, lakini usikubali kwa ajili ya kumnyamazisha mkeo, nenda na jambo lako moja unalotaka libadilike na uliseme siku ya kwanza.

Kaeni sebule moja, laptopu moja mezani, wote mnaonekana, watoto wapelekwe kwa jirani. Ile ya kila mtu na simu yake chumba chake kwa wanandoa haifai, mnakuwa mnamshtakia mama wa Arusha badala ya kuongea ninyi. Na nakuuliza waziwazi kwa sababu lazima niulize, kuna kupigana? Kama kuna mkono unanyanyuka, kikao cha pamoja hakifai kabisa, si cha onlaini wala cha ana kwa ana, kwa sababu atakachokisema mkeo mbele ya skrini atakilipia skrini ikizimwa. Hapo kila mtu aonwe peke yake kwanza.

Anti, nimeshaanza hizo sesheni za onlaini na dada mmoja kaunsela, ni mpole sana nampenda, ila sijui kama nasaidika au najiliwaza tu. Nitajuaje? Naona haya kumuacha.
*Bi. M., Mombasa*

Bi. M., kumpenda ni jambo zuri na lina kazi yake, mtu huwezi kufunguka kwa usiyempenda, lakini hicho sicho kipimo. Angalia siku zako zile ambazo huongei naye. Unalala zaidi? Kuna jambo ulikuwa unalikwepa saivi unalifanya? Kuna mtu nyumbani ameona tofauti bila wewe kumwambia? Baada ya sesheni nne au tano kunatakiwa kuwe na kitu hata kidogo, si lazima furaha, wengine wiki za mwanzo wanajisikia vibaya zaidi kwa sababu wamefukua vya zamani na hiyo ni kawaida, ila kunatakiwa kuwe na mwendo na uweze kuutaja. Kama kila wiki mnaongea ya wiki hiyo mnacheka mnaagana na hakuna anayekumbuka mlikuja kutibu nini, basi una rafiki unayemlipa.

Jiangalie na wewe pia. Kama unaongea naye huku unapika, huku unajibu meseji, au umejilaza kitandani usingizi unakujia, tatizo laweza kuwa si yeye wala onlaini. Jaribu kukaa kwenye kiti, zima arifa zote, na uache dakika kumi kabla na kumi baada bila kufanya kitu, maana mtu anayekwenda kliniki anapata muda wa kuwaza njiani, wewe unafunga simu na sekunde hiyo hiyo mtoto anaita. Wapo watu ambao kwa hilo tu tiba ya simu haiwafai, wanahitaji kutoka nyumbani, wapande matatu, wakae kwenye kiti cha mtu mwingine, na hakuna aibu yoyote kuomba hivyo kama huyo dada yuko hapo hapo Mombasa.

Ukiona bado, usipotee kimya kimya. Sesheni ijayo, mwanzoni kabisa kabla hamjasalimiana sana, mwambie, "Dada, nashukuru, ila naona hali yangu ya usiku haijabadilika, tunafanya nini tofauti, au unamjua mtu mwingine anayeweza kunifaa zaidi?" Kaunsela aliyesomea kazi yake ameshaulizwa hilo na wengi, atakujibu bila kununa na atakupa jina la mtu.